SOMO LA AFYA: NYONGA MPYA HUWEKWA BUJUMBURA, KUTEMBEA HUANZIA NYUMBANI

Katika somo la leo tunazungumza juu ya kupona na kujifunza kutembea tena baada ya kupasuliwa na kubadilishiwa nyonga. Ni jambo ambalo wengi wetu kambini hatulifikirii mpaka siku limeingia nyumbani kwetu. Somo hili linawahusu watu watatu. Wa kwanza ni wewe uliyepewa barua ya rufaa kwenda Bujumbura. Wa pili ni wewe ndugu utakayemuuguza. Wa tatu ni wewe jirani, kwa sababu mgonjwa huyu atakuhitaji.

Tunataka ukumbuke neno moja. Daktari wa Bujumbura anaweza kuweka nyonga mpya kwa muda wa saa moja au mbili. Lakini kutembea hakuwekwi na daktari. Kutembea kunajifunzwa upya, siku kwa siku, na sehemu kubwa ya kujifunza huko inafanyika hapa kambini. Na hapa kambini karibu kila kitu kiko chini: tunalala chini, tunaketi chini, tunapika chini, na chooni tunachuchumaa. Mtu mwenye nyonga mpya hapaswi kushuka chini hivyo. Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajarudi kutoka Bujumbura, vitu vya nyumbani lazima vinyanyuliwe.

1. NYONGA NI NINI, NA KWA NINI INABADILISHWA?

Nyonga ni mahali ambapo mfupa wa paja unaungana na mfupa wa kiuno. Fikiria kinu na mchi wa kutwangia sombe. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Huo ndio mchi. Kwenye mfupa wa kiuno kuna shimo kama kikombe. Hicho ndicho kinu. Kichwa kinazunguka ndani ya kikombe, nasi tunaweza kutembea, kuinama na kupanda mlima.

Nyonga inaweza kuharibika kwa njia kadhaa:

- Kuvunjika. Mara nyingi mzee huteleza kwenye matope au usiku akienda chooni, na mfupa wa paja unavunjika karibu na kichwa chake. Utaona hawezi kusimama, na mara nyingi mguu unaonekana mfupi na umegeukia nje. Usiuvute, wala usiukande. Mlaze juu ya ubao au machela na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

- Kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu. Hili huwapata hata vijana, hasa wenye ugonjwa wa selimundu, na watu waliotumia kwa muda mrefu dawa kali za aina ya kotizoni. Katika Malawi, ambako madaktari walianza mwaka 2005 kuandika katika daftari la taifa kila kiungo kilichobadilishwa, sababu hii imekuwa miongoni mwa zile zinazoongoza. Kwa hiyo usiseme, "Huyu ni kijana, maumivu ya nyonga ni uvivu."

- Kusagika kwa uzee, au kuharibika baada ya ajali au maambukizo ya zamani.

Katika upasuaji, daktari huondoa kichwa kilichoharibika, akaweka kichwa kipya chenye shina la chuma linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Kwenye kiuno huweka kikombe kipya, mara nyingi chenye plastiki ngumu sana. Aliyeifanya njia hii ienee duniani ni daktari Mwingereza John Charnley, ambaye mwaka 1962 alianza kuweka nyonga za chuma na plastiki katika hospitali ya Wrightington. Nyonga nyingi za namna hii hudumu miaka 15 hadi 20, na nyingine zaidi, zikitunzwa.

Si kila mwenye maumivu ya nyonga atabadilishiwa. Wengine hutibiwa kwa vyuma vya kuunganisha mfupa, au kwa dawa na mazoezi. Daktari ndiye anayeamua, na kwa mkimbizi hata gharama ya rufaa huangaliwa. Ndiyo maana tunasema: ukibahatika kupata nyonga mpya, itunze. Nafasi ya kupasuliwa mara ya pili ni ngumu zaidi kupatikana, na upasuaji wa pili ni mgumu zaidi kuliko wa kwanza.

2. KABLA YA KUONDOKA KAMBINI

Usingoje gari la wagonjwa lirudi ndipo uanze kutafuta kitanda. Mgonjwa akiwa bado hajaondoka, pima urefu wa mguu wake kutoka chini hadi kwenye goti. Chukua kamba, ifunge fundo mahali pa goti, uitunze. Kamba hiyo ndiyo mita yako. Kila kitu atakachoketia lazima kipite fundo hilo kidogo.

- Kitanda. Kama analala kwenye mkeka, tengeneza kitanda cha miti, au nyanyua kilichopo kwa matofali. Hakikisha hakitikisiki.

- Kiti. Tafuta kiti kigumu chenye mahali pa kuweka mikono. Kigoda cha jikoni hakifai. Kiti kikiwa kifupi, weka blanketi iliyokunjwa vizuri juu yake, au nyanyua miguu yake kwa mbao zilizopigiliwa.

- Choo. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tutalieleza katika sehemu ya 6.

- Njia. Ondoa mawe na vigogo kati ya nyumba na choo. Kamba zinazoshikilia shitingi zihamishwe au zifungiwe kitambaa cheupe ili zionekane usiku. Tafuta tochi.

- Mgao wa chakula na maji. Uliza mapema namna ya kuandikisha mtu atakayekuchukulia mgao. Panga na majirani nani atachota maji. Kama unaishi peke yako, waambie wahudumu wa jamii wanaoshughulikia watu wenye mahitaji maalum kabla hujaondoka, siyo baada ya kurudi.

Tena, kama una jipu, kidonda, jino bovu au unahisi moto ukikojoa, mwambie muuguzi sasa. Wadudu wa maambukizo hayo wanaweza kusafiri katika damu mpaka kwenye nyonga mpya. Na kama wewe au mtoto wako ana selimundu, liseme hilo kwa kila daktari utakayemkuta.

3. UKIWA HOSPITALINI BUJUMBURA

Hospitali kubwa za rufaa za Bujumbura ni pamoja na Prince Régent Charles, Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kamenge na Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge. Barua yako itasema unakwenda wapi. Nenda na mtu wa kukuuguza, kwa sababu kupika, kufua na kukusaidia kuoga mara nyingi ni kazi ya jamaa. Chukua kadi yako ya ukimbizi, kitabu chako cha matibabu na picha zote za eksirei ulizonazo.

Usishangae ukiambiwa usimame siku inayofuata baada ya kupasuliwa, au hata siku hiyo hiyo. Wengi huogopa wakisema kidonda kitafunguka. Hapana. Kulala bila kusogea ndiko kunakoleta hatari: damu huganda miguuni, mapafu hujaa makohozi, ngozi ya mgongo huchubuka, na misuli hulegea. Omba dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, kisha simama.

Kabla ya kutoka hospitalini, usiondoke bila majibu ya maswali haya matano:

(a) Nyonga yangu ilifunguliwa kwa nyuma, ubavuni, au mbele? Makatazo yanategemea jambo hilo.
(b) Nikanyage kwa uzito wote, kwa nusu, au niguse chini tu?
(c) Nyuzi zitatolewa siku gani? Mara nyingi ni kati ya siku ya 10 na ya 14.
(d) Dawa ya kuzuia damu kuganda nitaitumia mpaka lini?
(e) Nirudi lini kuonwa?

Karatasi ya kutoka huandikwa kwa Kifaransa. Omba uelezwe kwa Kiswahili au Kirundi, na mwenye kukuuguza asikilize pia. Si aibu kuuliza mara mbili.

4. SAFARI YA KURUDI

Kutoka Bujumbura barabara inapanda milima yenye kona nyingi hadi Bugarama, kisha inaendelea kuelekea Gitega na mashariki, au Kayanza na kaskazini. Ni saa nyingi za kuketi, na kuketi muda mrefu si kuzuri kwa nyonga mpya.

Keti kiti cha mbele, kisogezwe nyuma, na mgongo wake ulazwe kidogo. Weka mto au blanketi chini yako ili nyonga iwe juu kuliko goti. Kuingia garini, geuza mgongo kwanza, keti, kisha ingiza miguu yote miwili polepole pamoja na kiuno. Usiingize mguu mmoja ukiwa umejipinda. Mwombe dereva asimame kila baada ya saa moja hivi ili usimame na kupiga hatua chache. Ukiwa umeketi, chezesha nyayo juu na chini. Usipande pikipiki wala baiskeli.

Ukipitia Gitega, fahamu kwamba pale kuna kituo cha taifa cha mazoezi ya viungo na urekebishaji. Uliza mapema, kupitia anayeshughulikia rufaa yako, kama unaweza kuonwa pale.

5. MAKATAZO MATATU

Katika miezi 3 ya kwanza, nyama na ngozi zinazoshikilia nyonga bado hazijakomaa. Mchi unaweza kutoka ndani ya kinu. Kwa mtu aliyefunguliwa kwa nyuma, makatazo makubwa ni haya:

La kwanza: Usikunje nyonga kupita kona ya meza. Yaani goti lisipande juu kuliko nyonga ukiwa umeketi, na usiiname kuokota kitu chini. Hakuna kuchuchumaa, hakuna kupalilia kwa jembe fupi, hakuna kuosha vyombo vilivyo chini.

La pili: Usipishanishe miguu. Usikunje nne. Ukilala, weka mto au nguo zilizofungwa pamoja katikati ya mapaja.

La tatu: Usigeuze mguu uliopasuliwa kuelekea ndani. Ukitaka kugeuka, piga hatua ndogo ndogo, usijizungushe juu ya mguu huo.

Kama ulifunguliwa kwa mbele au ubavuni, fuata ulivyoambiwa na daktari wako, si alivyoambiwa jirani.

Kitu kikianguka, mwite mtoto akiokote. Kuosha miguu, funga kitambaa kwenye fimbo. Kuvaa suruali, anza na mguu uliopasuliwa. Kuvua, uwe wa mwisho. Usivae kandambili zinazoteleza. Vaa kiatu kinachoshika kisigino, na mtu akuvalishe. Wakati wa sala, Mwislamu aswali akiwa ameketi kwenye kiti, na Mkristo asipige magoti. Mungu anajua kwamba umepasuliwa. Kuhusu tendo la ndoa, wengi huruhusiwa baada ya wiki 6 hivi. Muulize muuguzi bila haya, akueleze mkao usiokunja nyonga.

6. CHOO: MAHALI NYONGA INAPOHARIBIKA

Tuchukue mfano. Mama mmoja amerudi kutoka Bujumbura Alhamisi jioni. Kidonda kinaendelea vizuri, amepiga hatua 20 kwa magongo, watoto wamefurahi. Usiku anahitaji kwenda chooni. Hataki kumwamsha mtu. Anaingia kwenye choo cha shimo, anachuchumaa kama alivyozoea tangu utoto. Anasikia kitu kinaruka ndani ya paja, anaanguka, na mguu umefupika. Kesho yake yuko tena kwenye gari la kwenda Bujumbura. Kosa si la daktari, wala mama huyu si mjinga. Kosa ni kwamba hakuna aliyefikiria choo.

Unaweza kuzuia jambo hilo kwa njia tatu. Chagua ile unayoiweza:

- Kiti cha tundu. Fundi seremala akate tundu katikati ya kiti kigumu cha mbao, asugue kingo zisichome. Kiti kiwekwe juu ya shimo la choo, kipite fundo la ile kamba yako. Miguu ya kiti isimame mahali pagumu.

- Ndoo. Kama choo ni chembamba au kiko mbali, weka ndoo yenye mfuniko chini ya kiti cha tundu ndani ya nyumba, nyuma ya pazia. Imwagwe chooni kila mara na ioshwe kwa sabuni. Anayeimwaga anawe mikono.

- Nguzo ya kushika. Simika mti imara upande wa mkono wenye nguvu, ili mgonjwa ajishike akiketi na akisimama. Nguzo peke yake haitoshi. Iwe pamoja na kiti.

Kuketi kuna utaratibu. Rudi nyuma mpaka usikie kiti kwenye miguu yako. Tanguliza mbele mguu uliopasuliwa. Shika kiti kwa mikono, shuka polepole, kifua kisiiname. Kusimama ni hivyo hivyo: jisogeze hadi ukingoni, mguu uliopasuliwa mbele, sukuma kwa mikono.

Tena kunywa maji na kula mboga, kwa sababu dawa za maumivu hufunga choo, na kujikamua si kuzuri.

7. MAZOEZI YA KILA SIKU

Fanya mara 3 kwa siku, kila zoezi mara 10. Maumivu kidogo ni kawaida. Maumivu makali yanayobaki baada ya kupumzika ni ishara ya kupunguza.

Ukiwa umelala chali:
(1) Vuta nyayo kuelekea kwako, kisha zisukume mbele. Hili lifanye hata kila saa.
(2) Kaza paja kwa kubonyeza goti kwenye kitanda. Hesabu hadi 5, legeza.
(3) Kaza makalio, hesabu hadi 5, legeza.
(4) Telezesha kisigino kuelekea makalioni, goti likinyanyuka kidogo, kisha rudisha. Usipite kona ya meza.
(5) Telezesha mguu kwenda nje, kisha urudishe katikati. Usipite katikati.

Ukiruhusiwa kusimama, shika nguzo au meza nzito:
(6) Nyanyua goti mbele, lisipite urefu wa nyonga.
(7) Peleka mguu pembeni, mwili ukiwa wima.
(8) Peleka mguu nyuma, bila kuinamisha kifua.

Zoezi la 5 na la 7 usiyaache. Yanaimarisha misuli ya ubavu wa nyonga. Misuli hiyo ikiwa dhaifu, utatembea ukiyumba kama bata hata kama nyonga yenyewe ni nzuri.

8. KUJIFUNZA KUTEMBEA

Magongo kwanza. Gongo la kwapani lisikuguse kwapa. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uzito ubebwe na mikono, si na makwapa, maana kuning'inia kwa makwapa huumiza mishipa na mikono hufa ganzi. Utaratibu ni huu: magongo mbele, kisha mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima. Sema moyoni: gongo, mgonjwa, mzima.

Hatua ziwe sawa. Wengi hupiga hatua ndefu kwa mguu mmoja na fupi kwa mwingine. Kisigino kitangulie kugusa ardhi, goti lisikakamae, macho yatazame mbele.

Milima na ngazi. Nchi hii ni ya vilima, na hata kwenda kwenye bomba la maji ni kupanda na kushuka. Kumbuka msemo huu: MZIMA HUPANDA, MGONJWA HUSHUKA. Ukipanda, mguu mzima utangulie, kisha mguu uliopasuliwa na magongo. Ukishuka, magongo na mguu uliopasuliwa vitangulie.

Fimbo. Ukiruhusiwa kuacha magongo, utatumia fimbo moja. Ishike kwa mkono wa upande wa mguu MZIMA. Watu wengi hufanya kinyume. Nyonga ya kulia ikiwa ndiyo iliyopasuliwa, fimbo iwe mkono wa kushoto, isogee pamoja na mguu wa kulia. Hivyo fimbo inapunguza mzigo wa nyonga. Urefu wake ufike kwenye mkunjo wa kiganja mkono ukiwa umening'inia. Ncha yake ivalishwe mpira. Kipande cha tairi kilichokatwa vizuri kinasaidia. Wakati wa mvua, matope yakiwa mengi, fanyia mazoezi ndani.

9. RATIBA YA KUPONA

- Wiki ya 1 na ya 2: matembezi mafupi ndani na nje ya nyumba, mara nyingi kwa siku. Kidonda kikae kikavu.
- Wiki ya 3 hadi ya 6: ongeza umbali kidogo kidogo. Leo hadi nyumba ya jirani, wiki ijayo hadi mwisho wa mtaa. Magongo bado.
- Wiki ya 6 hivi: rudi kuonwa. Usiikose siku hii kwa sababu unajisikia vizuri.
- Wiki ya 7 hadi ya 12: wengi huhamia kwenye fimbo.
- Mwezi wa 3 hadi wa 6: wengi hurudia kazi nyepesi. Nguvu huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima.

Usibebe bidoni ya lita 20 kichwani, gunia, wala mtoto mgongoni katika miezi 3 ya kwanza, na baada ya hapo uliza kwanza. Kuchuchumaa kabisa, hata baada ya mwaka, usirudie bila ruhusa ya daktari. Kwa hiyo kile kiti cha tundu usikivunje kukitumia kuni.

10. CHAKULA NA DAWA

Mwili unaojenga nyama unahitaji kujengwa. Maharage, karanga, mayai yakipatikana, lengalenga na sombe ni vyema. Ndagala wa ziwa Tanganyika waliwe pamoja na mifupa yao, maana mifupa hiyo ina madini yanayojenga mifupa yetu. Kaa kwenye jua la asubuhi. Acha sigara na pombe. Sigara huchelewesha kidonda, na pombe huangusha.

Dawa ya kuzuia damu kuganda itumie mpaka siku uliyoambiwa. Usiongeze dawa za maumivu za kununua sokoni bila kumwuliza muuguzi, kwa sababu nyingine zikichanganywa nayo huleta kutoka damu tumboni.

11. DALILI ZA HATARI

Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, ukiona moja kati ya hizi:

- Maumivu makali ya ghafla, mguu umefupika au umegeuka, huwezi kukanyaga. Nyonga inaweza kuwa imetoka. Mtu asiuvute.
- Ndama ya mguu au paja limevimba, linauma, lina joto. Damu inaweza kuwa imeganda.
- Kifua kinachoma na pumzi inakata. Damu iliyoganda inaweza kuwa imefika kwenye mapafu. Usingoje asubuhi.
- Kidonda kinatoa usaha au maji, kimekuwa chekundu, kinanuka.
- Homa.

Kuhusu homa tunasisitiza. Hapa kambini mtu akipata homa, husema ni malaria tu. Yawezekana ni malaria, na kipimo kifanywe. Lakini mwambie muuguzi maneno haya: "Nina nyonga bandia." Sema hivyo mwaka huu, na useme hivyo hata baada ya miaka 10. Wadudu wakikaa juu ya chuma ni vigumu kuwaondoa. Wakigunduliwa mapema, nyonga inaweza kuokolewa.

12. MANENO TUNAYOYASIKIA MTAANI

"Akandwe kwa maji ya moto na majani." Hapana. Kukanda mguu wenye damu iliyoganda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu, na majani kwenye kidonda huleta maambukizo.

"Apumzike tu mpaka apone kabisa." Hapana. Asiyetembea haponi, anadhoofika.

"Ameacha magongo wiki ya pili, ni shujaa." Shujaa ni yule aliyeyatumia mpaka siku aliyoruhusiwa.

"Watamcheka kwa kiti cha chooni." Wewe jirani, usicheke. Leo ni nyonga yake, kesho ni ya mama yako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Fimbo inashikwa mkono gani?
2. Ukipanda kilima, mguu upi unatangulia?
3. Kwa nini tulipima kamba hadi kwenye goti?
4. Ukipata homa, utamwambia muuguzi nini?

Majibu: 1. Mkono wa upande wa mguu mzima. 2. Mguu mzima. 3. Ili kila kiti, kitanda na choo kiwe juu kuliko goti. 4. "Nina nyonga bandia."

Ndugu msomaji, somea nyumba nzima somo hili, hata watoto, kwa sababu mtoto ndiye atakayeokota kijiko kilichoanguka na kushika tochi usiku. Mgonjwa akiwa bado Bujumbura, anza leo: chukua kamba, pima, mwite fundi. Siku gari litakapomshusha, akute kitanda kimenyanyuliwa, kiti kimewekwa na njia ya choo imesafishwa. Hapo hatua yake ya kwanza nyumbani itakuwa salama, na nyingine zitaifuata.

Haba na haba hujaza kibaba.